Benki inataka niongeze pesa, la sivyo hisa zangu zizimuliwe

BARUA

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Kilifi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na nyumbani kwangu kumeingia mzozo kwa ajili ya karatasi moja.

Mwaka 2009 mume wangu alipolipwa kiinua mgongo chake, tulitoa shilingi 216,000 tukanunua hisa 12,000 za benki, kila moja shilingi 18. Benki yenyewe sitaitaja. Marehemu alizipenda hisa hizo kama mtu apendavyo shamba lake. Kila Ijumaa alinunua gazeti, akafungua ukurasa wa bei za hisa, akaandika bei kwa penseli katika daftari lenye jalada la kijani. Daftari hilo ninalo, liko ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na karatasi za benki. Ukilifungua unaona 18, 21, 24, kisha zinaanza kuteremka: 17, 13, 9. Mstari wa mwisho kwa mwandiko wake ni 7.20. Mirathi ilipokamilika hisa zikahamishiwa kwenye akaunti yangu ya CDSC, shirika linalotunza kumbukumbu za hisa, na tangu siku hiyo sijaandika bei yoyote humo. Leo hisa moja inauzwa shilingi 4. Gawio, ile sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, ni miaka mingi hatujaliona.

Mwezi huu nimeletewa bahasha nene. Ndani mna kitabu cha maelezo na fomu yenye jina langu. Benki inasema mikopo mingi haikulipwa, mtaji wake umepungua hadi shilingi bilioni 1.4, uko chini ya kiwango cha sheria, kwa hiyo inauza hisa mpya milioni 600 juu ya milioni 300 zilizopo. Kila mwenye hisa moja ana haki ya kununua mbili mpya kwa shilingi 2.50. Kwangu mimi hizo ni hisa 24,000, yaani shilingi 60,000. Nisiponunua, wamesema wazi kwamba hisa zangu zitazimuliwa, yaani fungu langu katika benki litapungua.

Kijana wangu aliye Nairobi ananihimiza. Anasema, "Mama, bei ni ya kutupa, na usipolipa utakuwa umeitupa jasho la Baba." Anataka nikope Sacco yetu ya walimu, chama chetu cha akiba na mikopo, riba asilimia 1 kwa mwezi. Shemeji yangu naye anasema niichane fomu, kwamba waliokula za kwanza ndio watakaokula za pili. Wote wawili wananipenda, na wote wawili wamenifanya nisilale.

Jambo jingine. Kijana alipokuwa akinisomea kitabu alipita haraka mahali palipoandikwa kwamba mwenyehisa mkubwa aliikopesha benki shilingi milioni 600, na deni hilo litageuzwa kuwa hisa kwa shilingi 2 kila moja, iwapo mkutano maalum wa wenyehisa utakubali mwezi ujao. Nilimwambia arudie. Mbona yeye apewe kwa 2 na sisi kwa 2.50?

Na pensheni yangu inapitia benki hiyohiyo, tena nina shilingi 300,000 za akiba ya muda maalum humo. Je, nazo ziko hatarini?

Mwalimu mstaafu, Kilifi

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Pole kwa kuondokewa, na pole kwa usingizi uliokukimbia. Swali lako la hisa za shilingi 2 ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wenye shahada za biashara, na nitalirudia. Kwanza tuiweke hiyo karatasi mezani tuisome pamoja.

Benki huishi kwa pesa za watu wengine. Ikikopesha shilingi 100, chukulia kwamba 88 ni za walioweka akiba na 12 ni za wenyehisa kama wewe. Hizo 12 ndizo mtaji. Mikopo ya shilingi 8 ikigoma kulipwa, na viwanja vilivyowekwa rehani visipate mnunuzi, hasara haigawanywi kwa wote. Mwenye akiba bado anadai 88 zake kamili. Hasara yote inaangukia zile 12, zinabaki 4. Kwa benki za Kenya sheria inataka mtaji wa msingi, yaani pesa za wenyehisa zenyewe, usiwe chini ya asilimia 10.5 ya mali za benki, hasa mikopo, zilizopimwa kwa hatari zake, na mtaji wote usipungue asilimia 14.5. Benki iliyobakiwa na 4 haina hiari tena. Itazuia gawio, itauza majengo, itatafuta tajiri wa kuingia, au itawarudia wenyehisa wake na bahasha nene.

Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la mikopo la benki moja. Niliona mkopo chechefu, yaani usiolipwa, ukifanywa upya mara tatu kwa mkopaji yuleyule ili Desemba ipite salama na hesabu za mwaka zipendeze. Mwaka wa nne ukapasuka. Nakwambia hili kwa sababu ya daftari la kijani. Ule mteremko kutoka 24 hadi 9 ndio uliokula pesa zenu, na wakati huo hakuna aliyekuletea fomu ya kutia sahihi. Fomu ya leo imekuja kukuonyesha shimo lililochimbwa zamani. Kwa hiyo kijana akisema usipolipa utakuwa umeitupa jasho la baba yake, mweleze kwa upole kwamba sehemu kubwa ya jasho hilo ilishaondoka, na shilingi 60,000 mpya hazitaifuata kuirudisha.

Sasa tuje kwenye kuzimuliwa. Wewe ni mtu wa pwani, tui unalijua. Ukiwa na bakuli la tui zito, mtu akamimina bakuli mbili za maji, tui limekuwa jingi na ladha imekwenda. Lakini akimimina bakuli mbili za tui jingine, jepesi kidogo, hapo hesabu inabadilika. Hisa mpya haziji bure, zinakuja na shilingi 2.50 kila moja. Ni tui la pili, si maji matupu.

Chukua penseli. Hisa zako 12,000 kwa bei ya leo ya 4 ni shilingi 48,000. Ukinunua 24,000 mpya umeongeza 60,000. Jumla ni 108,000 ndani ya hisa 36,000, yaani shilingi 3 kwa hisa. Hiyo ndiyo bei ambayo kwa hesabu soko litaielekea toleo hili la hisa mpya likishaingia, mambo mengine yote yakibaki kama yalivyo. Bei itashuka kutoka 4 hadi 3 na wewe hutakuwa umepoteza kitu, kwa sababu zile mpya ulizozipata kwa 2.50 nazo zina thamani ya 3.

Ukikaa kimya je? Utabaki na 12,000 zako zenye thamani ya 3, jumla 36,000. Shilingi 12,000 zitakuwa zimetoka kwako na kwenda kwa walionunua. Hapo ndipo shemeji amekosea. Ukiichana hiyo fomu, aliyekula za kwanza humuumizi, unajichania shilingi zako mwenyewe.

Kijana na shemeji wamekuwekea njia mbili, kulipa au kuchana. Ipo ya tatu, na kitabu cha maelezo kwa kawaida huitaja mahali kwa herufi ndogo: haki hiyo inauzika. Haki ya kununua kwa 2.50 kitu kitakachokuwa na thamani ya 3 ina thamani ya senti 50. Unazo 24,000, na kwa hesabu hizo ni shilingi 12,000 taslimu. Unampelekea dalali wa hisa, anaziuza kwenye Soko la Hisa la Nairobi, mwingine anachukua jukumu la kulipa benki, na wewe unabaki na hisa zako za zamani pamoja na pesa mkononi. Sitakudanganya kwamba utapata senti 50 kamili. Hisa za benki inayougua, wauzaji huwa wengi kuliko wanunuzi, na bei ikiwa senti 30 utatoka na 7,200 kabla ya ada ya dalali. Hata hizo zinazidi sifuri.

Na kama moyo hautaki kuiachia benki ya marehemu moja kwa moja, inawezekana kuuza sehemu ya haki na kutumia pesa hizohizo kulipia sehemu nyingine. Kwa senti 50, ukiuza haki 20,000 unapata 10,000, zinazotosha kununua hisa 4,000 mpya. Unamaliza na hisa 16,000 bila kutoa hata shilingi ya mfukoni. Kwa bei ndogo utapata chache zaidi, ila njia ni ileile.

Nirudi kwa mwenyehisa mkubwa, maana hapo ndipo na mimi damu inapochemka. Kugeuza deni kuwa hisa si kosa. Deni likiwa hisa, riba yake inakoma na benki inapumua. Tatizo ni bei, na mlango. Toleo la 2.50 limewafungulia wote mlango kwa haki sawa: unaweza kununua, unaweza kuuza. Hili la shilingi 2 limemfungulia mmoja. Milioni 600 kwa shilingi 2 ni hisa milioni 300 mpya. Zile milioni 900 zenye thamani ya 3 ni shilingi bilioni 2.7. Ongeza milioni 600 za deni lililofutwa, zinakuwa bilioni 3.3, kisha gawanya kwa hisa bilioni 1.2. Unapata shilingi 2.75. Senti 25 za kila hisa yako zimehama kwa mtu mmoja, na hukupewa haki ya kununua wala ya kuuza. Huko ndiko kuzimuliwa kwenyewe, kwa maji.

Tazama pia umiliki. Leo una hisa moja katika kila 25,000 za benki. Usiponunua, na deni likigeuzwa, utakuwa na moja katika kila 100,000. Robo ya ulichokuwa nacho. Ukilipa zile 60,000 zote kikamilifu, utakuwa na moja katika kila 33,000 hivi. Yaani hata mwenyehisa mtiifu aliyetoa kila kilichoombwa anateremshwa.

Mkutano maalum bado haujafanyika, na hilo ndilo linalonipa moyo. Una kura. Kura 12,000 ni chache lakini swali moja zuri likiulizwa mbele ya wote lina uzito. Andika kwa katibu wa kampuni kabla ya mkutano: kwa nini deni linageuzwa kwa bei ya chini kuliko tunayouziwa sisi, nani aliyeipima bei hiyo, na je, mwenye deni atapigia kura jambo lake mwenyewe? Huwezi kuhudhuria, teua wakala kwa fomu iliyo mwishoni mwa taarifa ya mkutano. Nakala ya barua yako ipeleke Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Walimu wangapi wastaafu wana hisa za benki hiyo hapo Kilifi na Malindi? Ulizana nao kwenye kikao cha Sacco.

Jambo la kugeuza linanikumbusha National Bank of Kenya, na ni vizuri ulijue kwa sababu lilitokea hapa kwetu na liko kwenye kumbukumbu za umma. Watu walihesabu hisa za kawaida za benki ile, karibu milioni 339, wakaona wanajua fungu lao. Lakini kwenye vitabu zilikuwapo kwa miaka mingi hisa za upendeleo bilioni 1.135, zinazotangulizwa katika gawio kuliko za kawaida, za Serikali na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwaka 2019 benki ya KCB ilipokuja kuinunua benki hiyo, hisa za upendeleo zikageuzwa kuwa za kawaida, kila moja ikawa moja, na jumla ikafika bilioni 1.47 hivi. Aliyekuwa na shilingi ya umiliki kati ya wale wa kawaida akabaki na senti 23. Kisha kila hisa 10 zikabadilishwa kwa hisa 1 ya KCB. Hakuna aliyeficha kitu. Hisa za upendeleo zilikuwa zimechapishwa kila mwaka kwenye ripoti. Ila nani huzisoma kurasa zile? Kwa hiyo mwambie kijana afungue tena hicho kitabu, atafute kila kitu kinachoweza siku moja kugeuka hisa: hisa za upendeleo, hati fungani za kugeuzwa, mikopo ya wakurugenzi. Avijumlishe vyote kabla ya kusema bei ni ya kutupa.

Sasa swali zito kuliko yote. Je, pesa hizi zinazoombwa zinatosha?

Sheria iliyopitishwa mwisho wa 2024 imepandisha mtaji wa msingi wa chini kwa benki za Kenya kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10, kwa ngazi: bilioni 3 mwisho wa 2025, bilioni 5 mwisho wa 2026, bilioni 6 mwaka 2027, bilioni 8 mwaka 2028, na bilioni 10 mwaka 2029. Benki yako ina 1.4. Toleo likijaa lote litaleta 1.5, na deni likigeuzwa litaongeza 0.6. Jumla bilioni 3.5, kabla ya kulipa mawakili na madalali, na kabla ya mkopo mwingine hata mmoja kuoza. Ngazi ya bilioni 5 imewashinda. Benki isiyopata faida haina mahali pengine pa kutoa bilioni 1.5 zilizobaki, kwa hiyo bahasha nyingine itakuja, labda kwa bei ya chini zaidi, au atakuja mnunuzi kama KCB ilivyokuja. Ukikopa leo kwa Sacco kulinda fungu lako, mwakani utakopa tena?

Hili limewapata watu wa mbali pia. Aprili 2008 Royal Bank of Scotland (RBS) iliwaomba wenyehisa wake pauni bilioni 12, hisa mpya 11 kwa kila 18, kwa pensi 200. Wengi sana walilipa, wakiambiwa benki itakuwa imara. Oktoba mwaka uleule serikali ya Uingereza ikalazimika kuiokoa, kwa hisa za pensi 65.5, na hadi mwisho ikawa imeweka pauni bilioni 45.5. Waliolipa pensi 200 wakazimuliwa ndani ya miezi michache. Lakini mwaka uliofuata, katika tufani ileile, HSBC, benki nyingine ya Uingereza, nayo iliomba pauni bilioni 12.5, hisa 5 kwa kila 12, kwa pensi 254. Kabla mwaka kuisha bei ilikuwa imepita mara mbili ya hizo 254. Fomu zilifanana. Tofauti ilikuwa kwamba HSBC bado ilikuwa inapata faida na ilishatangaza kufunga biashara yake ya mikopo ya Marekani iliyokuwa ikivuja, na RBS ilikuwa bado haijafika chini ya shimo lake.

Basi hilo ndilo la kupima kwa benki yako: shimo limefikiwa chini, au bado linachimbika? Tafuta kurasa tatu tu. Ukurasa wa mikopo chechefu: ni kiasi gani, na benki imetenga akiba kiasi gani dhidi yake? Ikiwa mikopo chechefu ni bilioni 4 na iliyotengewa ni bilioni 1.5, basi bilioni 2.5 bado zinategemea kupatikana mnunuzi wa zile rehani. Ukurasa wa matumizi ya pesa za toleo: zinaenda kukopesha biashara mpya, au "kuimarisha uwiano wa mtaji", ambayo kwa Kiswahili cha nyumbani ni kuziba shimo? Na ukurasa wa uongozi: waliotoa mikopo ile bado wako ofisini? Benki inayobadilisha meneja mkuu, mkuu wa mikopo na nusu ya bodi kwanza, ndipo iombe pesa, hiyo ninaisikiliza. Isiyobadilisha hata mtu mmoja, siisikilizi.

Halafu jiulize jambo moja, na ulijibu ukiwa peke yako, mkebe wa biskuti ukiwa umefungwa. Kama usingekuwa na hisa hata moja ya benki hii, na mtu akakujia mlangoni leo akakwambia lete 60,000 nikuuzie, ungetoa? Jibu lako ndilo uamuzi. Zile 18 za mwaka 2009 haziwezi kuingia kwenye hesabu hiyo, hata zikiwa ni za marehemu.

Kwa uliyoniandikia, mimi nisingetoa. Na mkopo wa Sacco nakuomba usiuguse kabisa. Shilingi 60,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi zitakudai kila mwezi kutoka kwenye pensheni, na kitu ulichokinunua hakitakulipa gawio. Benki iliyo chini ya kiwango cha mtaji haina gawio la kugawa. Kijana akiiamini benki hii, anunue hizo haki sokoni kwa pesa zake na kwa jina lake. Si kumkomoa. Yeye ana miaka 30 ya mshahara mbele yake ya kuziba kosa, wewe huna.

Kuhusu akiba na pensheni, hapo pumua. Hisa na akiba ni vitu viwili. Mwenyehisa ni mwenye benki, hasara humfika wa kwanza. Mwenye akiba ni mdai wa benki, na nyuma yake lipo Shirika la Bima ya Amana la Kenya, linalomlinda kila mteja hadi shilingi 500,000 katika benki moja. Kiwango hicho ni cha jumla ya akaunti zako zote katika benki hiyo. Akiba yako ya 300,000 pamoja na pensheni ya mwezi mmoja iko ndani ya kiwango. Hata hivyo benki ikifungwa, malipo hayo huchukua muda, na mwenye kula kwa pensheni hawezi kungoja. Nenda ofisi ya pensheni ujaze fomu ya kubadilisha akaunti sasa, kukiwa shwari, na ile akiba ya muda maalum ikiiva usiifanye upya.

Neno la daftari. Zipo benki ambazo zikishatoa hisa nyingi huziunganisha, kumi zikawa moja. Citigroup ya Marekani ilifanya hivyo Mei 2011, baada ya wenyehisa wake wa zamani kuambiwa mwaka 2009 kwamba watabaki na asilimia 26 hivi ya benki. Bei ikaruka kutoka chini ya dola 5 hadi zaidi ya 40 kwa usiku mmoja, na hakuna aliyetajirika kwa senti, maana kumi zake zilikuwa zimekuwa moja. Siku ukisoma gazetini kwamba hisa ya benki yako ni shilingi 30, usidhani umerudi kwenye 24 za marehemu. Angalia kwanza una hisa ngapi.

Tarehe ndizo zinazonitia wasiwasi. Kwenye fomu kuna siku ya mwisho ya kulipa, na siku ya mwisho ya kuuza haki sokoni, na ya kuuza hutangulia. Watu wengi huitazama ile ya kulipa, wakifika kwa dalali wanaambiwa soko la haki limefungwa tangu wiki iliyopita. Tafuta tarehe ya kuuza leo hii, uizungushie kwa penseli. Jumatatu asubuhi nenda kwa dalali aliyeidhinishwa, Mombasa wapo, ukiwa na fomu nzima bila kuikata kipande, kitambulisho, namba ya akaunti ya CDSC na namba ya akaunti ya benki nyingine ya kupokelea pesa. Usitie sahihi sehemu ya "nimekubali na nalipa". Ya kuuza ni sehemu nyingine, mwambie akuonyeshe kwa kidole. Uliza ada yake kabla hujasaini. Kisha niandikie haki moja ilikwenda kwa senti ngapi, na katibu wa kampuni alikujibu nini kuhusu zile shilingi 2.